Rubani Aliyeuawa Kabla ya Kugusa Ardhi: Uchambuzi wa Kisa cha Su-24

Asubuhi ya Novemba 24, 2015, ndege ya Urusi aina ya Su-24M iliyokuwa na kituo katika kambi ya Hmeimim, Syria, ilitunguliwa na ndege ya kivita ya Uturuki aina ya F-16 karibu na mpaka wa Syria na Uturuki. Uturuki ilisema ndege hiyo iliingia katika anga yake kwa sekunde 17, baada ya maonyo 10 ndani ya dakika 5. Urusi ilishikilia kwamba haikuvuka mpaka hata kidogo. Ugomvi huo tunauacha kando. Kinachotuhusu kilianza pale ndege iliposhika moto na waliokuwemo wakajirusha nje: Luteni Kanali Oleg Peshkov, rubani, na Kapteni Konstantin Murakhtin, mwongozaji wake.

Chini yao ilikuwa milima ya jimbo la Latakia, eneo lililoshikwa na wapiganaji wa Kiturkmeni, jamii ya Syria yenye asili ya Kituruki, waliokuwa wakipambana na serikali ya Syria. Wapiganaji hao wakaelekeza bunduki juu na kufyatua. Kwa maelezo ya Urusi, Peshkov aliuawa na risasi hizo akiwa bado hewani. Murakhtin alifika chini akiwa hai, akajificha, na baada ya operesheni ya saa 12 hivi akatolewa na makomando wa Urusi na wa Syria. Wakati msako ukiendelea, helikopta ya Mi-8 iliyokwenda kuwatafuta ilipigwa, ikalazimika kutua, na askari wa majini Alexander Pozynich akauawa. Helikopta yenyewe iliteketezwa ikiwa imesimama. Video ya wapiganaji inaonyesha ikipigwa kwa kombora la kulipulia vifaru.

Siku ile ile naibu kamanda wa kikosi kimoja cha Kiturkmeni, raia wa Uturuki, aliwaambia waandishi wa habari kwamba wenzake waliwafyatulia risasi marubani wote wawili na wote walifia hewani. Habari ya Murakhtin ilibainika kuwa si kweli. Ile ya Peshkov ndiyo kesi yenyewe.

Walengwa basi ni watatu: mtu aliyening'inia kwenye mwavuli, mtu aliyekwisha kutua na kujificha, na waokoaji waliokuja kwa helikopta. Sheria za kivita zina jibu tofauti kwa kila mmoja. Mabishano mengi kuhusu kisa hiki huenda mrama kwa sababu watu huwatia wote katika kapu moja, kisha kila upande ukachomoa jibu linaloupendeza.

Dakika chache za hewani

Su-24 ina viti vya kujirushia vya aina ya K-36. Kiti hicho humtupa mtu nje kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara kumi. Pingili za uti wa mgongo hubanwa, wakati mwingine huvunjika. Mkono au mguu uliopeperuka kwenye mkondo wa hewa huweza kuteguka. Aliyejirusha hutengana na kiti, mwavuli hufunguka, na kisanduku cha vifaa vya kuokolea maisha humfuata kikining'inia kwa kamba. Ana redio, ana fataki za ishara, kwa kawaida ana bastola. Mwavuli huo wa dharura haukutengenezwa ili auendeshe apendavyo. Anaweza kuvuta mikanda kidogo akwepe mti au ukuta, lakini ni upepo unaoamua atatua bonde lipi.

Mwavuli wa namna hiyo hushuka mita 5 hadi 7 kwa sekunde. Mtu aliyefunguliwa mwavuli mita 3,000 juu ya ardhi, akishuka mita 6 kwa sekunde, atakaa hewani sekunde 500, yaani zaidi ya dakika 8. Upepo wa mita 10 kwa sekunde utakuwa umemsukuma kilomita 5. Akijirusha kwa mita 300 tu, zinabaki sekunde 50.

Hesabu hii ina uzito wa kimaadili. Utetezi wa kawaida wa askari aliyeua asiyepaswa kuuawa ni kwamba kila kitu kilitokea kwa kufumba na kufumbua. Mwavuli unaoonekana kwa dakika kadhaa haumpi mtu utetezi huo. Kuna muda wa kuuliza ni nani, muda wa kamanda kusema "acheni", muda wa kutuma watu watatu wakamsubiri mahali atakapotua. Kufyatua katika mazingira hayo ni uamuzi uliopata nafasi ya kufikiriwa, tena na watu wengi kwa pamoja.

Sababu inayomlinda, na zisizomlinda

Wengi wakiulizwa kwa nini rubani wa kwenye mwavuli asipigwe, hujibu: kwa sababu hana uwezo wa kujitetea. Jibu hili linapendeza, lakini halisimami. Mei 20, 1941, Wajerumani walipoivamia Krete kutoka angani, askari wao wa miavuli waliruka kutoka kimo kidogo sana, wakiwa na mikanda isiyowaruhusu kuongoza mwavuli, na bunduki zao nyingi zikidondoshwa peke yake kwenye makontena. Wengi walikuwa na bastola na mabomu ya mkono tu hadi walipofikia kontena. Walipigwa wakiwa hewani kwa mamia, na hakuna mwanasheria anayeita tendo hilo uhalifu. Vivyo hivyo, askari aliyelala usingizi kwenye handaki hawezi kujitetea, na sheria inaruhusu apigwe.

Tofauti iko kwenye sababu ya kuwa hewani. Askari wa miavuli ameruka ili ashambulie; mwavuli ni usafiri wake wa kwenda vitani. Rubani ameruka kwa sababu chombo chake kimekufa. Silaha yake ilikuwa ile ndege, na ndege imekwenda. Hali yake ni ya aliyevunjikiwa na jahazi, na sheria za bahari zilimtambua mtu wa namna hiyo kabla ndege za kivita hazijakuwepo.

Ibara ya 42 ya Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva kuhusu vita, imeweka jambo hili katika aya tatu fupi. Ya kwanza: anayeruka kwa mwavuli kutoka ndege iliyo hatarini asishambuliwe wakati anashuka. Ya pili: akifika chini katika eneo la adui, apewe nafasi ya kujisalimisha kabla ya kushambuliwa, isipokuwa ikionekana wazi kwamba anafanya tendo la uadui. Ya tatu: askari wa miavuli hawalindwi na ibara hii.

Aya ya kwanza haina "isipokuwa". Haiulizi rubani alikuwa akifanya nini dakika moja kabla, wala upepo unampeleka upande gani. Hilo la pili lilipiganiwa.

Anatua kwa nani?

Mwaka 1940, Hugh Dowding, aliyeongoza ndege za kivita zilizoilinda Uingereza, alikuwa na msimamo ambao hadi leo huwashangaza wanaousikia kwa mara ya kwanza. Rubani Mjerumani anayeshuka juu ya Uingereza, aliona, ni mateka mtarajiwa, hivyo asiguswe. Rubani Mwingereza anayeshuka juu ya nchi yake mwenyewe atapewa ndege nyingine na kurudi kupigana, kwa hiyo Wajerumani walikuwa na haki kamili ya kumpiga. Dowding alikuwa akiwapa adui ruhusa ya kuwaua vijana wake mwenyewe, kwa sababu mantiki ilimfikisha hapo. Upande wa pili, Adolf Galland, rubani mashuhuri wa kivita wa Ujerumani, alisimulia baadaye kwamba Göring, mkuu wa jeshi la anga la nchi hiyo, alipomuuliza maoni yake kuhusu kuwapiga marubani walio kwenye miavuli, alimjibu kwamba angeliona jambo hilo kuwa mauaji na angekataa amri hiyo.

Mantiki ya Dowding si ya kipuuzi. Rubani ni mtu aliyegharimu miaka ya mafunzo, na ndege huundwa upesi kuliko yeye. Katika mkutano wa kidiplomasia wa Geneva wa 1974 hadi 1977 yalikuwepo mataifa yaliyotaka kinga iondolewe kwa rubani anayeelekea kutua kwa watu wake. Hoja hiyo ilishindwa. Rasimu ya kanuni za vita vya angani iliyoandikwa The Hague majira ya baridi ya 1922 na 1923 nayo haikutofautisha eneo la kutua, ingawa haikuwahi kuwa mkataba.

Sababu moja ya vitendo ya kuikataa ilionekana mapema, Agosti 16, 1940. James Nicolson, rubani Mwingereza wa ndege ya kivita ya Hurricane, alijirusha karibu na Southampton akiwa ameungua na kujeruhiwa vibaya. Alipokuwa akishuka alipigwa risasi na walinzi wa mgambo wa Uingereza, watu wa upande wake. Alipona na kutunukiwa Nishani ya Victoria. Aliye chini haoni beji wala haijui sare. Anaona kitambaa, na mtu mdogo mweusi chini yake. Sheria inayomtaka kwanza akadirie utaifa, kisha mwelekeo wa upepo, kisha mahali mstari wa mapambano ulipo, imempa mgambo mwenye hofu mtihani ambao hata ofisa mwenye darubini angeufeli. Kanuni isiyo na masharti inafuatika. Yenye masharti matatu itageuka ruhusa.

Sasa turudi Latakia, maana hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa chepesi kuliko kinavyodhaniwa. Peshkov alikuwa akishukia mikononi mwa wapiganaji wale wale waliomfyatulia. Hata Dowding angemwita mateka mtarajiwa. Hakuna kipimo chochote kati ya vilivyowahi kupendekezwa kwa uzito, cha 1923, cha 1940 au cha 1977, kinachompa mfyatuaji wake nafasi ya kupita.

Hasira

Yule naibu kamanda alilieleza gazeti moja la Uturuki, wiki chache baadaye, kwamba dhamiri yake haiwezi kumsumbua kwa ajili ya mtu aliyekuwa akiwaangushia Waturkmeni mabomu. Hiyo ndiyo hoja halisi ya tendo lile, na haifai kupuuzwa. Hasira ya mtu aliyekaa chini ya mabomu haihitaji kuelezwa.

Lakini ndani yake mna madai mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kwamba rubani huyu alitenda uhalifu. Inawezekana: kushambulia raia ni uhalifu wa kivita, na kushuka kwa mwavuli hakumfutii mtu kosa lake. Anakamatwa, anahojiwa, anashtakiwa. La pili ni kwamba anayemwona kwenye mwavuli ana haki ya kuwa hakimu na mnyongaji. Dai la kwanza halilibebi la pili. Aliye ardhini hajui ni ndege gani iliyopiga kijiji gani, kwa amri ya nani, wala ilikuwa ikilenga nini.

Mji wa Rüsselsheim, Ujerumani, unaonyesha matokeo yake. Agosti 26, 1944, wakazi waliwashambulia marubani na wahudumu wa ndege ya Marekani waliokuwa wakipitishwa mjini chini ya ulinzi, wakawaua sita. Usiku uliotangulia mji ulikuwa umepigwa mabomu, na waliopiga walikuwa Waingereza. Wamarekani wale walikuwa wametunguliwa kabla ya hapo na hawakuhusika kabisa na usiku huo. Waliowaua walifikishwa mahakamani Darmstadt mwaka 1945, na baadhi yao wakanyongwa.

Kulipiza nako hakukomi pale mlipizaji anapodhani kutakoma. Katika vita vya Bahari ya Bismarck, Machi 1943, ndege za Japani ziliwamiminia risasi wahudumu wa ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-17 waliokuwa wamejirusha. Siku hiyo na zilizofuata, ndege na boti za Marekani na Australia ziliwapiga Wajapani waliokuwa majini na kwenye mashua baada ya meli zao kuzama. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kisasi kwa ajili ya wale wa B-17, na kwamba wakiachwa watafika pwani ya New Guinea wakapigane. Sababu ya pili ni ile ile ya Dowding, sasa imehamia kwa walioko majini, ambao kinga yao ilikuwa ya zamani zaidi.

Murakhtin na helikopta

Hapa mizani inabadilika.

Murakhtin alipogusa ardhi alitoka aya ya kwanza na kuingia ya pili. Wapiganaji hawakulazimika kumwacha aende zake. Walichodaiwa ni kumpa nafasi: kumwita kwa sauti au kwa ishara inayoeleweka, na kusubiri kiasi cha mtu kuinua mikono. Kama ameumia mgongo hawezi kusimama. Hilo lazima lihesabiwe. Akipewa nafasi na akakimbia, au akachomoa bastola, kinga imekwisha na anaweza kupigwa. Kujificha peke yake si tendo la uadui, ila si kujisalimisha pia. Kumsaka kwa silaha kulikuwa halali. Kumpiga kwa kushtukizwa kichakani, kabla hajaitwa, kusingekuwa halali.

Helikopta ya Mi-8 ilikuwa chombo cha kijeshi kilichobeba askari wenye silaha, kikiwa katika shughuli ya kijeshi. Kuokoa rubani ni kazi ya kiutu, lakini haikipi chombo kinga. Kinga huja kwa alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu, kwa matumizi ya tiba pekee, na katika eneo la adui kwa makubaliano ya awali. Kwa hiyo kifo cha Pozynich, kwa uchungu wake wote kwa waliompenda, si uhalifu wa kivita kwa yanayojulikana.

Hoja hii inamjibu pia anayesema: "Tukimwacha, watakuja kumchukua na kesho ataturudia." Sheria haikumwachia mpiganaji tatizo hilo bila dawa. Anaweza kumkamata. Anaweza kuwazuia waokoaji kwa nguvu. Kitu kimoja tu amekatazwa, nacho ni kumuua mtu katika dakika zile anapokuwa hana njia hata ya kusema "nimesalimu amri".

Nani afungwe na sheria ipi

Mtetezi mjanja angeanzia hapa, na sehemu hii ina utelezi. Itifaki ya Kwanza inahusu vita kati ya mataifa. Syria na Urusi ni wanachama wake. Uturuki si mwanachama. Lakini waliofyatua hawakuwa jeshi la Uturuki. Lilikuwa kundi la waasi, na mapambano yao na Syria pamoja na Urusi iliyoalikwa na serikali hiyo huhesabiwa kuwa vita visivyo vya kimataifa. Kwa hiyo Ibara ya 42 haiwagusi moja kwa moja kama mkataba.

Njia mbili zinabaki. Ibara ya 3 ya pamoja ya Mikataba ya Geneva ya 1949, yaani iliyo sawa katika mikataba yote minne, inayofunga pande zote katika vita vya ndani, inakataza kuua walioondolewa mapambanoni kwa ugonjwa, majeraha, kukamatwa "au sababu nyingine yoyote". Kutunguliwa kunaingia humo bila kulazimishwa. Ya pili ni sheria ya desturi, yaani kanuni zilizojengwa na mazoea ya mataifa badala ya mkataba. Uchunguzi wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu uliochapishwa 2005 unaiweka marufuku hii kama Kanuni ya 48 na kuitaja kuwa inatumika katika aina zote mbili za vita. Kundi la waasi halisaini mikataba, lakini halipo nje ya sheria.

Kundi dogo lisilo na gereza wala daktari huuliza limfanye nini mateka. Kiwango cha chini kinafahamika: kumpekua na kuchukua silaha, redio na nyaraka, kumtibu kabla ya kumhoji, kutomwonyesha kwenye kamera kama kichekesho, kumtoa haraka eneo la mapigano. Lisipoweza kumsafirisha, Itifaki ya Kwanza, katika Ibara ya 41, inaelekeza mateka wa mazingira kama hayo aachiliwe kwa tahadhari ya usalama wake. Ni kanuni ngumu kumeza, na makamanda wengi huiona ya vitabuni. Lakini anayeshika bonde zima na ana njia ya kwenda mpakani hawezi kuitaja kama kikwazo. Wapiganaji wa Latakia walipata njia ya kuusafirisha mwili wa Peshkov: ulifikishwa Uturuki, ukafanyiwa ibada ya Kiorthodoksi, kisha ukarejeshwa Urusi.

Amri ya kuzuia kosa hili ni fupi na hutolewa kabla, wakati hakuna ndege inayowaka. Mwavuli mmoja au miwili baada ya ndege kupigwa: hakuna kufyatua, kikundi kilichotajwa kinakwenda mahali pa kutua, na mmoja wao anajua maneno ya kumtaka adui ajisalimishe kwa lugha yake. Miavuli mingi kutoka ndege kubwa za uchukuzi zisizo na hitilafu: hao ni askari wa miavuli. Kosa hutokea pale amri hiyo inapokosekana, kwa sababu mtu wa kwanza akifyatua, wote hufyatua, na baadaye hakuna anayeweza kusema risasi iliyoua ilikuwa ya nani.

Hilo ndilo lililoizamisha kesi. Naibu kamanda yule alikamatwa İzmir, Uturuki, mwaka 2016 na kukana kwamba ndiye aliyempiga rubani. Shtaka la mauaji liliachwa kwa kukosa ushahidi, na mwaka 2017 akahukumiwa miaka 5 kwa makosa ya silaha. Lakini ushahidi wa nani alifyatua si njia pekee. Kamanda huwajibika pia kwa walio chini ya amri yake ikiwa alijua au alipaswa kujua na hakuzuia wala kuadhibu. Katika njia hiyo maswali ni mengine: nani alikuwa na mamlaka juu ya waliofyatua, alisikika akisema nini katika dakika zile, na baada ya hapo alimchukulia nani hatua. Ushahidi wake ni mawasiliano ya redio, video zenye sauti, uchunguzi wa mwili unaoonyesha mwelekeo wa risasi, na matundu kwenye kitambaa cha mwavuli. Kipande cha mwavuli naibu kamanda mwenyewe alikuwa nacho mkononi siku ile, akiwaonyesha waandishi wa habari.